Omubilizi na Ini la Kaka Yangu

Hasira yangu haijaisha, na sitaki kujifanya imeisha.

Nilipokuwa chuoni nilifanya utafiti juu ya omubilizi, ule mti wa majani machungu uliopo nyuma ya nyumba yetu Nyanga, ambao mama alitunywesha maji yake kila tumbo lilipouma. Niliwapa panya maji ya majani yale kwa siku kadhaa, kisha nikawapa sumu inayoharibu ini. Maini yao hayakuharibika sana kama ya panya ambao hawakunyweshwa. Likizo ilipofika nikaeleza hayo nyumbani, tukiwa tunakula ndizi, kwa majivuno makubwa. Mama alifurahi. Kaka yangu, anayelima Kimwani, aliuliza maswali mengi kuliko wote. Sikujiuliza kwa nini.

Kumbe alikuwa na homa ya ini. Kila siku alimeza kidonge cha hospitali, na aliyejua ni mke wake tu.

Miezi michache baadaye wifi alinipigia simu akilia. Macho ya kaka yalikuwa ya manjano na tumbo limejaa maji. Nilipofika kwao nikakuta chupa tano za maji ya omubilizi chini ya kitanda, zimeandikwa "Dawa ya Ini, Imethibitishwa Maabara". Aliyemuuzia, mzee mmoja wa sokoni Bukoba, alimwambia vidonge vinaua nguvu ya dawa, basi akaviacha. Daktari alituambia waziwazi kwamba kuacha vidonge ghafla ndiko kulikoamsha ugonjwa.

Kaka alipopata kitanda wodini, nilikwenda sokoni na chupa mkononi. Nilimwambia yule mzee mimi ni dada wa nani, nikamuuliza ni maabara gani iliyothibitisha dawa yake. Hakutikisika hata kidogo.

"Binti yangu, kaka yako ndiye aliyeniambia. Alisema dada yake ni mtaalamu, ameipima chuoni."

Nikamwambia niliwapima panya, tena panya wazima, walionyweshwa majani kabla ya sumu. Mtu ambaye tayari ana virusi mwilini ni habari nyingine kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ini ni ini, akamgeukia mteja mwingine. Nilimshtaki kwa maofisa wa afya. Walichukua chupa zake. Baada ya wiki mbili alikuwa na nyingine, na maandishi yaleyale.

Kaka alipona kiasi. Amerudia vidonge, lakini mkungu wa ndizi hawezi kuubeba tena. Siku aliyotoka hospitali nilishindwa kujizuia, nikamuuliza kwa nini hakuniuliza mimi kabla ya kuacha vidonge, mimi niliyewapima wale panya kwa mikono yangu.

Alikuwa amekaa kitandani, anaangalia miguu yake iliyovimba.

"Ningekuuliza," alisema, "ungejua naumwa."

Nilitoka nikaenda kusimama migombani. Ningebaki mle ndani ningempiga.