Kamba ya Chai na Barafu ya Mlimani

Mimi nilikuwa nyapara wa kupanda chai upande wa Kericho, na kamba yangu ya kupimia mistari ilijulikana. Ilikuwa ya katani, nimeifunga mwenyewe: fundo moja, mche mmoja. Mistari yangu haikupinda, na asiyeamini akaangalie.

Sasa bwana wetu, mzungu mwenye shamba, alikuwa na ugonjwa wa kupima kila kitu. Akanichukua mimi na kamba yangu, gari la moshi kutoka stesheni ya Lumbwa, kisha kwa miguu mpaka juu kabisa ya Mlima Kenya, eti tukapime barafu! Akapaka alama nyekundu kwenye jabali kubwa kama nyumba, tukavuta kamba kutoka pale hadi barafu ilipoanzia. Mafundo manne. Akaandika kitabuni. Mimi miguu ilinivimba wiki nzima.

Miaka ikapita, ile miche ikawa vichaka vya kufika kiunoni. Akanirudisha kule kule! Jabali lilikuwepo, alama ipo, lakini barafu ilikuwa imejivuta juu huko. Nikavuta kamba. Mafundo ishirini na moja. Bwana akatazama kitabu, akanigeukia.

"Wewe iko muongo sana! Wewe nafunga mafundo mpya!"

Lo! Nikanyoosha kidole juu. "Bwana, barafu imepungua. Macho si unayo?"

"Barafu iko ya siku zote. Kamba yako ndiyo mbaya. Kesho wewe hapana nyapara."

Yaani nivuliwe unyapara kwa sababu ya barafu! Na kamba yangu ikiwa ya uongo, basi kila mstari niliowahi kupanda ni uongo. Nilichukia.

Tuliporudi Kericho nikamwambia, "Bwana, njia ya mwongo ni fupi. Twende shambani tuone ni ya nani."

Nikaifunga kamba kwenye shina la kwanza la mstari wa zamani kuliko yote, niliopanda kwa kamba hiyo hiyo kabla ya safari ya kwanza, nikaivuta. Kila fundo likaangukia shina lake, moja baada ya jingine, mpaka kamba ikaisha. Wachumaji waliacha vikapu wakatazama.

Bwana akafungua kitabu, akaandika ishirini na moja. "Endelea na kazi," akasema, akaenda zake.

Matusi ya Kiswahili aliyajua yote, hata mengine alinifundisha yeye. Neno samahani, miaka yote ile, hakulijua.