Mtu wa Kidimbwi cha Juu

Kila nikisimulia habari hii, watu hunikatiza: "Ilikuwa usiku, sivyo?" Haikuwa usiku. Ilikuwa asubuhi, jua limetoka, ng'ombe wameshakamuliwa na chai imeshanywewa. Wala sikuhadithiwa na mtu. Miguu yangu hii hii ilikuwa ndani ya maji yale.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nyansiongo, huku upande wa Kisii, wakati huo ilikuwa mashamba ya Wazungu. Mimi na mume wangu Ombati tulitoka kwetu Manga kuja kufanya kazi kwa mmoja wao. Mimi nilichuma maua ya pareto. Ombati aliongoza wageni waliokuja kuvua samaki.

Msicheke, ilikuwa kazi ya kweli. Kando ya shamba palipita kijito chembamba, mahali pengine unakiruka bila hata kupandisha nguo. Humo waliishi trauti, samaki wa rangi ya kahawia wenye madoa mekundu ubavuni. Wazungu waliwaleta zamani, wakazaliana wenyewe mpaka wakawa wa porini. Na hawakuvuliwa kwa minyoo. Mvuvi alifunga manyoya ya jogoo kwenye ndoana ndogo mpaka yakafanana na nzi, akamrusha nzi huyo juu ya maji kwa ufito mrefu na mshipi mwepesi. Lakini amrushe wapi? Hapo ndipo alipohitajika Ombati. Alijua kila jiwe. Alijua kwamba trauti hutazama maji yanakotoka, kwa hiyo mvuvi lazima apande kutoka chini, polepole, kivuli chake kisimtangulie. Nami nilijua, kwa sababu nilikuwa nikimpelekea chakula na kukaa nyasini nyuma yake, nikitazama.

Jioni moja Ombati alichukua ufito wa bwana mwenye shamba akaenda kuangalia kidimbwi cha juu, maana mgeni alitarajiwa wiki ya pili yake. Mvua ikapiga huko juu, kijito kikaja kimejaa, chekundu kama tope la matofali. Ombati hakurudi.

Kesho yake nyapara alitangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba Ombati ametoroka na ufito wa bwana. Kuna aliyesema yuko Kericho. Mwingine akaongeza mwanamke. Mimi nikaambiwa niondoke kwenye kibanda mwezi ukiisha. Nikaomba ruhusa ya kutafuta kandokando ya maji. Nikakataliwa, kwa sababu mfanyakazi hakuruhusiwa kufika kijitoni bila mgeni, asije akaiba samaki. Nilikwenda kwa siri mara mbili, na mara mbili nilirudishwa na mbwa.

Shemeji yangu alikuja kutoka Manga kunichukua. "Shemeji, twende nyumbani," akasema. "Kama amekufa, tutamlilia. Kama ametoroka, atarudi."

"Hakutoroka," nikamwambia. "Na Manga sirudi mikono mitupu."

Akaondoka peke yake.

Siku ya tisa, alfajiri, mpishi wa bwana alinigongea mlango. Aliitwa Juma, Mwislamu wa mjini Kisii, mtu mpole. Kiswahili hiki mnachonisikia nacho ni yeye aliyenifundisha.

"Mama Kerubo," akasema, maana Kerubo ndiye kifungua mimba wetu, "mgeni amefika na hana wa kumwongoza. Bwana amekwenda Sotik mpaka jioni. Nyapara anatafuta mwanamume."

"Mwambie mtu amepatikana."

"Nani?"

"Mimi."

Juma alijua sikuwa nikitafuta samaki. "Basi usimwambie mgeni lolote kuhusu Ombati," akasema. "Akiingiwa na wasiwasi, utafukuzwa kabla hujafika majini."

Akanipeleka kwa mgeni kabla nyapara hajarudi na mwanamume. Mgeni alikuwa mzee mwembamba mwenye goti bovu. Alikaa Nairobi na hakuwa amewahi kufika kwetu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Wazungu. Aliponiona alitabasamu kidogo. "Mama naweza?"

"Naweza, bwana."

Tukaanza chini, karibu na daraja la mbao. Nilimwonyesha jiwe la kwanza, akarusha, akapata. Alifurahi kama mtoto, akamrudisha samaki majini. Nilimwonyesha la pili na la tatu. Mkono wangu ulielekeza kwenye samaki, lakini macho yangu yalikuwa chini ya kila ukingo, kwenye kila rundo la takataka lililoachwa na mafuriko. Sikuona kitu. Tukapanda hivyo mpaka saa nne, tukafika kidimbwi cha juu.

Mgeni akasimama ghafla, akainua mkono. "Jambo!" akaita.

Nikatazama mbele. Hapakuwa na mtu.

"Unamwamkia nani, bwana?"

"Ile mtu. Nasimama kwa maji."

Nikajikaza. "Amevaa nini?" nikauliza.

Alinishangaa, kana kwamba nilikuwa kipofu. "Sweta ya buluu. Hapa," akagusa kiwiko chake, "iko kiraka nyekundu. Nashika fimbo mzuri sana."

Kiraka kile nilikishona mimi. Nilikikata kwenye kofia ya sufu ya Kerubo iliyokuwa imembana. Nani alimwambia mzee huyu? Nyapara hakukijua. Juma hakukijua.

Sikumwona Ombati. Nataka mnielewe hapo, sitaki kuongeza chumvi. Nilichokiona ni maji. Katikati ya kidimbwi, pasipo na jiwe wala kijiti, maji yalikuwa yanagawanyika sehemu mbili zilizokaribiana, kisha yanakutana tena kwa nyuma. Maji hupita hivyo kwenye miguu ya mtu aliyesimama.

"Anafanya nini?"

"Naita."

"Anasema nini, bwana? Sikiliza vizuri."

Mzee akainamisha kichwa. "Nasema... 'inchwo'. Tena nasema 'inka'. Hii maneno gani?"

Hayakuwa ya Kiswahili. Yalikuwa ya kwetu, Ekegusii. Njoo. Nyumbani.

Je, niliogopa? Niliogopa sana. Lakini nilikuwa nimeogopa siku tisa kwamba sitampata, na hofu hiyo ilikuwa kubwa kuliko hii. Nikajifunga leso kiunoni nikaingia. Maji yalikuwa baridi ya kukata.

"Usimwondolee macho," nikamwambia mgeni. "Akisogea, niambie."

"Nakwenda nyuma. Kwa mizizi."

Na kweli, ile migawanyiko miwili ya maji ilikuwa inasogea mbele yangu, hatua kwa hatua, kuelekea ukingo ambapo mti mkubwa ulikuwa umeinama na maji yamekula udongo chini yake. Nikaifuata. Maji yakanifika kifuani.

"Mama!" mgeni akapiga kelele. "Yeye nakwenda chini!"

Maji yakatulia. Nikavuta pumzi, nikazama, nikapenyeza mkono ndani ya lile pango chini ya mizizi. Vidole vyangu vikashika sufu.

Nilivuta nikashindwa. Mzee yule akaingia majini na viatu vyake na goti lake, tukavuta wawili, tukashindwa. Akapanda ukingoni akaita mpaka wachuma pareto wakaja mbio na mapanga, wakakata mizizi. Tukamtoa. Ufito ulikuwa chini ya kwapa lake, mshipi umemzunguka yeye na mizizi pamoja. Uso sitawaelezea. Kiraka kilikuwepo.

Mgeni alikiona kiraka, akaketi nyasini kwa kishindo. "Lakini yeye nasema na mimi," akawa anarudia. "Sasa hivi nasema na mimi."

Jioni bwana alirudi kutoka Sotik. Aliuchukua ufito wake, akaupangusa kwa kitambaa, akaukagua kama haukuvunjika. Mimi nilikwenda kusimama mbele ya nyapara, wafanyakazi wote wakitazama.

"Haya sema," nikamwambia. "Ombati alikwenda wapi?"

"Alikuwa kazini," akasema.

Tulimzika Manga, kwao. Mgeni alipanda kilima cha Manga kwa mguu, akasimama kaburini, kofia mkononi. Watu walipotawanyika aliniuliza, "Kwa nini yeye naita mimi, hapana wewe?"

Hilo najiuliza mpaka leo. Niliishi na Ombati miaka kumi na mmoja, akaenda kujionyesha kwa mtu asiyemjua kabisa. Wengine huniambia alinihurumia, hakutaka nimwone vile. Huenda. Mimi nimemkasirikia kwa jambo hilo, na nimemwambia hivyo pale pale kaburini, zaidi ya mara moja.

Kibandani hawakuniondoa tena. Niliongoza wavuvi mpaka mashamba yale yalipogawiwa wananchi. Pale kidimbwini maji hupita sawasawa siku hizi, hayagawanyiki. Mgeni yule hakuja tena kuvua, na Juma alisikia kwamba aliacha kuvua kabisa.

Basi nyinyi mnaokwenda kwenye vijito, sikieni. Mtu wa kwenu akipotea mvua ikinyesha, msikubali haraka kuambiwa ametoroka. Na ukimwona mtu amesimama majini anakuita, usimpungie mkono tu ukapita. Muulize uliyefuatana naye kama naye anamwona. Akikwambia hamwoni, msikimbie. Wekeni mizigo chini, ingieni majini, mtafuteni.