Siku Debra Alipokataa Kuahirisha

Debra Awuor wa Migosi alikuwa na pikapu ya kubebea samaki kutoka Luanda Kotieno, lakini ukoo mzima uliiona kama mali ya wote. Mwaka huo alikuwa ameshaahirisha ukaguzi wa gari mara mbili: kwanza kwa ajili ya harusi ya binamu, kisha kumhamisha shangazi. Sasa cheti cha zamani kilikuwa kinaisha kesho yake.

Akiwa kwenye foleni ya ukaguzi, gari moja tu mbele yake, simu ikalia. Alikuwa shemeji yake, Joram.

“Shemeji, tuko mochari tunakungoja. Jeneza la mjomba litabebwa na nini? Huo ukaguzi ahirisha tu.”

Debra akapandisha sauti. “Shemeji, mjomba atanivumilia. Polisi wa barabarani hawatanivumilia. Siahirishi tena!” Akakata simu.

Pikapu ilipita ukaguzi. Alipofika mochari, wazee walikuwa wamenuna, na mmoja akamwambia wazi kuwa hana utu.

“Basi, Mzee, tafuteni gari lingine,” akasema Debra.

Wazee wakaanza kupakia jeneza kwenye pikapu yake.