Rafadha Isiyolia

Watu wa gatini walimwita Fundi Sikio, na jina lilimkaa. Kila rafadha, ile feni ya kusukuma boti majini, iliyong'olewa ili inyooshwe ilipitia kibanda chake cha mabati, na haikutoka kabla hajaining'iniza kwa kamba na kuigonga kwa nyundo ndogo. Nzima hulia kama kengele. Yenye ufa hutoa mlio mfu, na hiyo haifai tena, maana itakatika majini na watu wamo.

Asubuhi hiyo nahodha wa boti ya abiria, kaka wa mkewe, alimletea yake. Injini inanguruma, mafuta yanakwisha, boti inajikokota.

"Shemeji, rafadha kazi yake kusukuma maji nyuma," Fundi alimwambia akiipapasa. "Maji nayo yanakusukuma mbele. Sasa hii kingo zimeliwa, na panga hili limelala. Inakoroga mapovu tu. Povu utalisukumaje?"

"Basi yainamishe zaidi mapanga yote, yaume maji mengi nikimbie."

"Tamaa mbele, mauti nyuma. Yakiuma kupita kiasi, injini itashindwa kuizungusha, ibaki kukohoa."

Akapiga tupa kingo, akakwangua magamba, akalinyoosha panga lililolala kwa nyundo ya mbao hadi yote matatu yakawa na mwinamo mmoja. Kazi safi. Kisha akaitundika, akagonga, akatega sikio. Akagonga tena.

"Ina ufa," alisema. "Imekufa hii."

Nahodha akamtazama dada yake, aliyekuwa ameleta chai. Mlio kama wa kengele ulikuwa bado unazunguka kwenye mabati.

Hiyo ilikuwa ya tatu aliyoikataa tangu mvua zianze. Mbili za kwanza zilikwishapelekwa kuyeyushwa. Nyumbani Fundi, mzee wa watu, alikuwa akilalamika kwamba siku hizi watu wanameza maneno, na mkewe akazoea kupaza sauti bila kusema kwa nini. Alimwonea huruma, na huruma nyingine ni ukatili. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Nahodha alisogea kuitungua rafadha. Dada yake akamshika mkono.

"Inalia, Baba Watoto."

"Unasemaje?"

"Inalia! Na zile mbili nazo zililia!"

Fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa kukuvunja moyo."

Hakumgombeza, afadhali angemgombeza. Aligonga tena, kwa nguvu, akapata kishindo kizito kilichomfikia kwa mbali. Zile rafadha mbili alizitupa zikiwa nzima. Je, kesho akiipitisha yenye ufa?

Akampa mkewe nyundo.

"Gonga wewe."

Mke akagonga. Fundi hakuitazama rafadha. Alimkazia macho mkewe usoni, akisubiri kuambiwa.