Kitovu changu kilitoa usaha, lawama akabeba bibi

Wakuu, salaam. Nimeuandika uzi huu na kuufuta mara nyingi, maana mimi nataka kila neno likae sawa. Leo nautuma hivyo hivyo. Ni kweli tupu.

Mimi ni fundi simu hapa Masasi, ufundi nimejifunza mwenyewe YouTube.

Mwaka jana kitovu kilianza kutoa maji, baadaye usaha wenye harufu. Nikawa naweka tissue ndani ya shati, kila mteja akiondoka nakagua.

Zahanati wakanipa antibiotics. Kikakauka, kikarudi.

Sasa kwetu Newala, kitovu changu nilipozaliwa alikitunza bibi mzaa mama mpaka kikadondoka. Shangazi aliposikia naumwa, akasema mbele ya watu:

"Si bibi yake huyo! Alikivuta hakijakauka, haraka zake za kuwahi korosho."

Bibi hakubisha. Alitazama mikono yake. "Labda, mjukuu wangu. Ulikuwa unalia sana."

Tangu hapo majirani wakijifungua, hawakumwita tena kutunza vitovu vya watoto. Hilo ndilo lilimmaliza.

Mimi nikawa na-Google mpaka nikajipa kansa.

Hospitali ya rufaa, scan ikaonyesha mabaki ya urachus. Ni mrija unaounganisha kibofu na kitovu mtoto akiwa tumboni, baadaye hujifunga. Wangu haukujifunga wote. Kwa mtu mzima ni nadra. Wakautoa kwa kamera, kupitia matundu madogo tu.

Nilimuuliza daktari: anayetunza kitovu anaweza kusababisha?

"Hapana kijana. Umezaliwa nao. Hana kosa."

Nililia, wakuu.

Bibi alikuwa hasikii vizuri kwenye simu. Nikapanga nikiruhusiwa kusafiri nikamwambie sikioni, kwa Kimakonde. Maneno nilishayapanga.

Presha ikamchukua kabla kidonda hakijapona.

Kwenye arobaini nikainua shati mbele ya wote. "Shangazi, tazama. Daktari kasema nilizaliwa na tatizo hili. Bibi hakukosea."

Shangazi akafunika uso kwa kanga.

Jirani mmoja, mtoto mchanga mgongoni, akasema taratibu: "Kumbe huyu nilimnyima mikono ya bibi bure."

Nilichojifunza: kitovu cha mtu mzima kikitoa maji, tafuta vipimo, usitafute mkosaji. Na ukiwa na neno la kumsafisha mtu, lipeleke hata kwa kinywa cha jirani.

Aliyewahi kufanyiwa upasuaji huu aniambie: hii tabia ya kugusa kovu kila asubuhi, huisha?