Saa Thelathini na Tano

Chinen Fusae alikuwa na sheria moja katika ofisi ya tiketi aliyofanyia kazi mjini Naha: mteja aambiwe saa zote za safari, hata kama zitamkimbiza. Kwa miaka kumi na tisa sheria hiyo haikumuudhi mtu. Kisha mwajiri wake, Yonamine, akabandika tangazo dirishani: Naha hadi São Paulo, saa ishirini na tatu tu.

Fusae aliliona kosa papo hapo. Yonamine alikuwa amehesabu kutoka saa ya kuondoka hadi saa ya kufika kama zilivyoandikwa kwenye tiketi, akasahau kuwa saa za São Paulo ziko nyuma ya za Naha kwa saa kumi na mbili. Ni kilomita zaidi ya elfu kumi na nane, ndege tatu, na mwili wa msafiri hukaa njiani saa thelathini na tano. Alipomweleza, Yonamine alisema tangazo linasoma tiketi tu, na tiketi haidanganyi.

Jumatatu akaja mzee Tokashiki Seijun, mwenye miaka themanini na moja. Jumamosi ya wiki ile dada yake wa São Paulo angetimiza tisini na saba, umri ambao kwa desturi ya kwao mtu hushikishwa kititia cha karatasi kinachozungushwa na upepo, akatembezwa garini kama aliyerudi utotoni. Miguu ya Seijun ilikuwa na historia ya kuganda damu, na daktari alikuwa amemruhusu safari isiyozidi siku moja. Ishirini na tatu zilimtosha.

Nyuma ya pazia Yonamine alikohoa. Fusae akamwambia mzee ukweli.

“Mwenzako kaandika ishirini na tatu,” Seijun alisema. “Zako wewe zinavutwa na ng'ombe?”

“Ndege ni zilezile, mzee. Yeye amehesabu saa za ukutani. Mimi nahesabu miguu yako.”

“Basi nimwambie dada asubiri mia moja?”

“Ondoka keshokutwa, ulale Paris usiku mmoja, umalizie safari Ijumaa.”

Mzee alitoka bila kuaga. Yonamine akasema mteja amefukuzwa kwa mdomo wa mtu mmoja. Fusae alichukua rula ya chuma akalikwangua tangazo mpaka kioo kikawa kitupu.

Kesho yake Seijun alirudi. Daktari alikuwa amemgombeza, alisema, kana kwamba ni yeye aliyebandika lile tangazo. Akamlipa Yonamine nauli ya safari ya kulala Paris.

Picha ilifika baada ya wiki mbili: bibi kizee garini, kititia mkononi, na mdogo wake kando yake, amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Fusae aliifungulia bahasha stoo, kwenye maboksi ya karatasi. Yonamine alikuwa amemwondoa dirishani siku ileile ya rula, na hakumrudisha tena.