Telefone Nyuma ya Mashini

Musinicheke kwanza. Mimi njo fundi wa saiti ya intaneti ya shule yetu hapa Nguba, na ni mimi nilibandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha mashini: «Hakuna kuchaji telefone humu.» Umeme wa Bukavu tunaujua. Mashini zetu mbili zinaishi kwa batri: moja inabeba saiti, nyingine inatunza pointi za wanafunzi.

Siku ya matokeo wazazi walijaa getini, na saiti ikafunguka bila pointi hata moja. Iliandika tu kwamba haioni hifadhi ya data. Nilibadilisha neno la siri, nikaiwasha upya mara nne, jasho likinitoka. Masera, mtawa na mukubwa wa shule, alisimama nyuma yangu.

«Masera, wametuvamia kwa intaneti,» nikamwambia kama daktari anayetaja ugonjwa. «Ni watu wa mbali.»

«Mashini yenyewe umeiangalia?»

Sikuwa nimeiangalia. Fundi mkubwa anaamuru kutoka kitini, hainami.

Tukaingia chumba cha mashini. Mashini ya pointi ilikuwa imezima, waya wake chini, na kwenye prizi yake kulikuwa chaja ya mtu. Nikamwakia Maman Furaha, anayefagia shule, aliyekuwa akipita mlangoni: «Ni mjinga gani amechomoa mashini ya shule ju ya telefone yake?»

«Mie sina funguo ya humu, papa. Iko na weye tu.»

Hapo nikakumbuka asubuhi, na ile «dakika tano tu» yangu.

Masera alikuwa ameshafuata waya wa chaja hadi nyuma ya mashini, akaokota telefone, akaibonyeza. Picha yangu ya harusi ikawaka, tai shingoni.

«Papa Innocent,» akasema polepole, «huyu mutu wa mbali iko na kravati muzuri.»